Doa

Bodi ile tuliinunua mnadani, mjini Kuopio,
mtumba, mfuniko umepinda, feni inakohoa.
Haikuwa na bawabu.

Naita bawabu kile kipande cha silikoni
kikaacho baina ya kadi na kumbukumbu
kikiuliza kila mzigo upitao:
wewe wa nani, waenda ukurasa gani,
nani kakuruhusu?
Bodi za bei nzuri huwa naye.

Kiwanda cha mbao, Kajaani, Januari,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Magogo ya msonobari yanapita mbele ya kamera nane,
yameganda, yakigongana yanalia kama reli,
na kamera zinamwaga picha
kuliko kiini kinavyoweza kuzipokea.

Hilja Moilanen akasema: tukiweke kiini kando.
Programu yetu iishike kadi yenyewe,
ngozi kwa ngozi, pasipo mpambe.

Kiini hakikukataa. Kilisukuma karatasi mezani
kama karani aliyechoka:
Unachokitaka si salama.
Jina la swichi yenyewe linasema si salama.
Ukiiwasha nitajitia doa,
ili siku ya kunilaumu
doa liwe shahidi.

Nikaandika ndiyo.
Vidole vyangu ndivyo. Hilja alikuwa amefuata kahawa.

Wiki tatu tulikuwa wafalme.
Magogo ishirini na mawili kwa dakika, kutoka kumi na manne.
Meneja Ylermi alileta mikate ya mdalasini
akasimama nyuma ya kiti changu akitafuna,
akiangalia namba zinavyopanda.

Na kosa lilikuwemo tangu siku ya kwanza.
Tarakimu moja. Mimi nilihesabu kurasa kuanzia moja,
kadi huhesabu kuanzia sifuri.
Kadi haimjui mwenye nyumba, inajua namba;
ipe namba ya chumba cha jirani
itaingia na matope yake,
itamwaga mzigo kitandani
na kurudi kuripoti: tayari, bwana.
Wiki tatu jirani hakuwepo, basi.
Kisha akahamia.

Kengele haikulia.
Nani angeipiga?

Saa tisa za usiku Taisto Heikura, wa msumeno wa pili,
alifungua orodha ya zamu
aone kama Jumapili yu huru:
mjukuu wake anabatizwa Suomussalmi.
Penye jina lake akakuta mabano, nyota,
herufi za Kigiriki, alama ya kuuliza iliyopinduka.
Akanipigia. Akanisomea mistari mitatu,
alama kwa alama, taratibu,
kana kwamba huenda ni mimi nisiyejua kusoma.

Nikauvuta ukurasa ule, nikaupanga upya
nukta kwa nukta, rangi ya kijivu.

Pete.

Pete za mti. Ubavu wa gogo lililopita saa nane na robo,
miaka thelathini na mmoja katika kipande cha kiganja,
na mahali fulani pete nne zimebanana
hadi ukucha haupiti:
viangazi vinne ambavyo havikuja vizuri.
Msonobari ulikuwa umejiandika zamu ya Jumapili
mahali pa Taisto, na msumeno ulikwisha kuupasua.

Nilitazama kwa muda kuliko kazi ilivyohitaji.

Doa hutoka mashine ikizimwa. Sikujua hilo.
Nilizima, nikawasha, nikauliza kiini hali yake,
kikajibu sifuri.
Safi, kama hakikuwahi kunionya,
kama sikuwahi kuandika neno lile.
Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika tarehe
kwenye mfuniko uliopinda.

Sasa ni magogo kumi na manne kwa dakika.
Hilja anatafuta bodi yenye bawabu.
Ylermi haleti mikate.

Lakini usiku ule Taisto alikuwa bado kwenye simu,
nyuma yake msumeno unapoa, tik, tik,
akauliza: sasa Jumapili nimeandikwa, au sikuandikwa?
Nikamwambia: mti umeshika zamu yako.
Nenda kabatize.